Wodi Iliyopumua Mara Ishirini

Karakana ya Mizani
4 Machi

Kwa Sista Kiongozi, Wodi ya Tatu,

Mimi ni mtoto wa yule mama wa kitanda namba sita aliyefariki wodini kwako tarehe 13 Februari, saa kumi na dakika arobaini jioni. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nazika, kisha nikawa napokea wageni, kisha ofisi ya kumbukumbu ikanizungusha siku kumi na moja kabla ya kunipa nakala ya faili lake. Sasa ninayo hapa mezani, ina muhuri.

Unijue kwanza ninayekuandikia. Shule niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kutengeneza mizani: za dukani, za sokoni, za kupimia watoto kliniki. Nilianza na bisibisi moja ya kuazima, leo nina karakana yenye mlango wa chuma. Dawa sizijui. Namba nazijua.

Mama alikaa kwenu saa hamsini na tatu na dakika arobaini. Katika muda huo karatasi yake ya vipimo imejazwa mara kumi na moja. Joto linapanda na kushuka. Mapigo ya moyo yanapanda tu: 88, 96, 104, 118. Lakini kwenye mstari wa pumzi kwa dakika imeandikwa ishirini. Mara zote kumi na moja, ishirini. Mtu ana homa ya mapafu, kifua kinamkereza kama msumeno, na mpaka saa nane mchana wa siku aliyokufa eti bado anapumua mara ishirini, kama askari wa gwaride.

Mtu akiniletea mizani inayosoma kilo moja kwa sukari, kilo moja kwa nyundo na kilo moja kwa paka, sina haja ya kuifungua. Imekwama.

Nataka jina la aliyeandika ile ishirini ya mwisho. Sahihi yake ni mkwaruzo, haisomeki. Bodi ya hospitali inakaa tarehe 15 Aprili na lalamiko langu nimeshaliandikisha. Nikipata jina nitalitaja. Nisipolipata nitasema mmelificha. Nataka mtu huyo aondoke kazini. Pole sitaki, nimeshapewa za kutosha.

Fundi Mizani


Wodi ya Tatu
9 Machi

Ndugu Fundi,

Umesema hutaki pole, nami sitakulazimisha.

Barua yako niliisoma mezani pangu katikati ya wodi, nikakusudia kuipeleka kwa mkurugenzi pamoja na majibu yetu ya kawaida. Majibu hayo yapo tayari, tunabadilisha tarehe tu. Kisha nikafika kwenye yule paka wako. Nikaweka barua chini, nikaenda kitanda cha kwanza, nikatazama karatasi. Ishirini. Cha pili, ishirini. Cha tatu, ishirini. Nilizunguka vitanda vyote. Siku hiyo tulikuwa na wagonjwa ishirini na sita. Ishirini na wanne walikuwa na ishirini. Wawili walikuwa na kumi na nane.

Nilisimama pale nikawatazama wao sasa, si karatasi. Kijana wa kitanda cha nne anakoroma. Bibi wa kitanda cha kumi na tisa anahema mdomo wazi, mabega yanapanda. Karatasi zao zinasema wanapumua pamoja kama kwaya. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, Fundi. Karatasi hizo nazipitia kila siku, natia sahihi chini.

Jina sitakupa katika barua hii. Nakuomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Kuna kazi tunaiita ukaguzi wa huduma. Tunaandika kwanza kinachotakiwa kufanyika kwa mgonjwa. Tunaingia kwenye mafaili tuone kilichofanyika. Tunapima pengo, tunatafuta limetoka wapi, tunaliziba, halafu tunapima tena tuone kama limezibika kweli. Ukaguzi huu haumtafuti mtu. Unatafuta mahali mashine ilipokwama, kama usemavyo wewe. Mkurugenzi amekubali. Majina ya wagonjwa tutayafunika, na namba tupu nitakutumia wewe ukikubali, kwa sababu umeona kwa karatasi moja kitu ambacho sisi hatukukiona kwa mia.

Sista Kiongozi


Karakana ya Mizani
13 Machi

Kwa Sista Kiongozi,

Ukaguzi naujua. Kila mwaka anakuja mkaguzi na mawe yake ya kupimia, anaweka jiwe juu ya mizani, mizani ikidanganya anaipiga muhuri mwekundu, mwenye duka ananuna, mimi napata kazi. Lakini mkaguzi hakagui mizani ya shemeji yake. Ninyi mnataka kujikagua wenyewe, nami nipige makofi.

Nimekubali, kwa masharti.

Moja, faili usichague wewe. Ukichagua utachukua yale masafi. Shika daftari la wagonjwa walioruhusiwa na waliokufa, anza Januari, chukua kila la tano mpaka yatimie arobaini. Likikosekana faili, andika limekosekana, usilirukie la jirani.

Pili, nitumie namba zote jinsi zilivyo, sio wastani. Wastani ni blanketi, unafunika kila kitu.

Tatu, tarehe 15 Aprili iko palepale. Ukaguzi wenu haunizuii kwenda bodini, na jina bado nalitaka.

Mke wangu kaisoma barua yako akasema, "Huyu mama anaogopa."

Nikamwambia, "Mwache aogope."

Akasema, "Hapana, anaogopa kama unavyoogopa wewe."

Nikamwuliza mimi naogopa nini. Akaenda zake jikoni.

Fundi Mizani


Wodi ya Tatu
27 Machi

Ndugu Fundi,

Nimefanya ulivyosema, kila faili la tano. Mawili yamekosekana, nimeandika yamekosekana na nikaendelea na hesabu mpaka yakatimia arobaini. Karatasi kumi na nne za namba nimeziambatanisha. Nakufupishia tu nilichokiona.

Pumzi zimeandikwa mara 612. Ishirini imetokea mara 497. Kumi na nane mara 88. Ishirini na mbili mara 22. Tano zilizobaki ni kumi na sita na ishirini na nne.

Kipimo tulichojiwekea ni hiki: pumzi zihesabiwe dakika nzima, na zikizidi ishirini na nne daktari aitwe ndani ya nusu saa. Ametakiwa kuitwa mara ngapi? Hakutakiwa hata mara moja. Katika mafaili arobaini ya wodi ya wagonjwa mahututi wa kifua, moyo na figo, hakuna mtu aliyepumua haraka. Kati ya hao arobaini, tisa walikufa. Wote tisa, kwa karatasi zetu, walikata roho wakiwa wametulia.

Niliwaonyesha wauguzi wenzangu. Kuna mmoja tunamwita Kidoti, mcheshi wa wodi, haachi neno lipite. Alitazama jedwali, akatazama tena, akavuta kiti akakaa. Hapo ndipo nilipojua uzito wake.

Daktari wetu kijana, tunamwita Daktari Upepo kwa jinsi anavyopita raundi, yeye alisema, "Sista, mimi hata siusomi mstari ule. Nani anausoma?" Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyegundua amekuwa akilala karibu na shimo.

Sista Kiongozi


Karakana ya Mizani
31 Machi

Sista,

Nimefunga karakana siku mbili kwa ajili ya karatasi zako. Nimezibandika ukutani, moja chini ya nyingine, kutoka dari mpaka sakafu. Mteja mmoja kaingia akauliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu.

Umeona kuwa hakuna namba witiri? Hata moja. Katika mara 612, hakuna kumi na tisa, hakuna ishirini na moja, hakuna ishirini na tatu. Mungu hakuumba watu wa namba shufwa tu. Watu wakihesabiwa kweli, karibu nusu yao lazima waangukie kwenye witiri. Kwa hiyo hata hao wachache waliohesabu, walihesabu nusu dakika wakazidisha kwa mbili. Na waliobaki hawakuhesabu kabisa.

Nilikaa kwenye kigoda nikautazama ule ukuta. Nitakwambia ukweli, hasira yangu ilipotea kidogo, nikashikwa na kitu kingine sijui nikiite nini. Mtu mmoja akidanganya, huyo ni mwongo. Lakini wodi nzima, mchana na usiku, zamu zote, wanaandika namba ileile bila kukaa kikao? Hicho kitu ni kikubwa kuliko mwongo mmoja. Ni kama kuona sisimizi wote wa nyumba wamegeuza njia siku moja.

Sasa sikiliza. Mizani haizaliwi imekwama. Kuna siku ilianguka, au mtu aliimwagia maji, au alibadilisha springi. Rudi nyuma. Chukua mafaili ya mwaka juzi na mwaka wa kabla yake, machache kwa kila mwezi, utafute ni mwezi gani ilikwama. Ukipata mwezi utapata sababu.

Jina bado nalisubiri. Siku kumi na tano zimebaki.

Fundi


Wodi ya Tatu
7 Aprili

Fundi,

Nimeupata mwezi.

Nilikaa masjala siku tatu na Mzee wa Dekio, msafishaji wetu, akinishushia maboksi. Mafaili ya mwaka wa kabla ya mwaka juzi yana namba za kila aina: 17, 26, 31, 19, 22, 35. Yana hata maandishi pembeni, "anahema kwa shida, daktari ameitwa." Mwaka juzi Januari, vivyo hivyo. Machi, vivyo hivyo. Mei, vivyo hivyo. Juni, kuanzia wiki ya pili, ishirini. Ishirini, ishirini, mpaka leo. Kama mtu amezima taa.

Mzee wa Dekio aliniona nimekaa sakafuni, akauliza, "Sista, umeona nyoka?"

Juni ya mwaka juzi tulipiga marufuku saa za mkononi wodini. Pamoja na pete na bangili. Vidonda vya wagonjwa vilikuwa vinaingia wadudu, na wadudu wanakaa chini ya mikanda ya saa. Amri ilikuwa sahihi, vidonda vilipungua kwa zaidi ya nusu. Simu zilishakatazwa zamani. Saa za kubandika kifuani tuliagiza stoo, wakajibu ziko njiani. Miezi ishirini na miwili ziko njiani. Saa ya ukutani juu ya mlango ilikufa siku nyingi, tunatundikia kalenda.

Unaelewa, Fundi? Tuliwaambia wahesabu kwa dakika, tukawanyang'anya dakika. Na hakuna aliyesema. Mgeni akija anafundishwa na mwenyeji: "Andika ishirini, usijichoshe." Tangazo lile nililibandika mimi kwa mikono yangu, na gundi ilinimwagikia.

Jana nilichukua saa ya mezani ya chumba cha chai, nikaiweka kwenye sinia la vipimo, nikaanza kitanda cha kwanza. Mtu akijua unamhesabu pumzi anazibadilisha, kwa hiyo unamshika mkono kama unapima mapigo, huku macho yako kifuani. Hili nililifundishwa nikiwa msichana, nikalisahau.

Sikujua dakika ni ndefu hivi. Kitanda cha tisa ni mpaka rangi aliyeanguka ngazini akaumia kifua. Nilimshika mkono nikaanza kuhesabu. Kifua kikapanda, kikasimama kidogo, kikashuka. Kikapanda. Sikuwahi kumtazama mtu hivyo, hata wanangu. Ishirini na tatu. Aliponiona naandika akauliza, "Sista, kuna ubaya?" Nikamwambia hapana. Nilitaka kumwambia kwamba ni jambo la ajabu tu kuwa kitu kile kinaendelea chenyewe na hakuna anayekisukuma.

Kidoti akapita akasema, "Jamani, tukihesabu pumzi za wote tutaishiwa zetu wenyewe."

Nikampa saa, nikamwambia achukue upande wa dirishani. Baada ya dakika kumi alirudi mbio. "Sista, yule wa kumi na mbili anapumua, anapumua, halafu anatulia kabisa. Nimehesabu sekunde kumi na nane. Nikajua basi. Halafu anaanza tena. Amekuwa akifanya hivi siku ngapi?"

Hakuna aliyejua. Karatasi yake ilikuwa na ishirini mara tisa. Daktari Upepo aliitwa, akaja, akasimama pale na saa ya chumba cha chai mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuondoka haraka.

Wagonjwa ishirini na saba. Wenye ishirini walikuwa wawili.

Sista


Karakana ya Mizani
10 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nne. Ya nne niliisoma kwa sauti, mke wangu akasikiliza huku anakunja nguo. Alipomaliza alijilaza kwenye mkeka, ilikuwa saa nane mchana na jua kali, akasinzia. Nikatoa saa yangu. Nikamhesabu.

Kumi na tano.

Nina miaka ishirini na sita na mtu huyu. Nikachukua chaki. Kumi na tano kwa dakika ni mia tisa kwa saa, elfu ishirini na moja na mia sita kwa siku. Kwa miaka ishirini na sita inafika milioni mia mbili na nne, laki tisa na themanini na nne elfu. Mimi ninayehesabu ngazi nikipanda, vigae nikinawa na mbegu kwenye chungwa, sikuwahi kuhesabu hata moja kati ya hizo. Aliamka akanikuta na chaki mkononi. Akasema, "Sasa umeanza kuniwekea bei?" Nikacheka, kisha nikatoka nje maana machozi yalikuwa yananitoka.

Kuhusu saa. Usisubiri stoo. Nina saa mbili kubwa za ukutani zenye mshale wa sekunde, nimezitundika hapa karakanani tangu juzi nazilinganisha na mlio wa saa wa redioni. Ikionekana inachelewa nitaifungua. Moja itakaa juu ya mlango, nyingine ukuta wa mwisho, ili mtu akisimama kitanda chochote aione bila kugeuka. Pima urefu wa ukuta unitumie.

Lakini usidhani nimesahau. Sababu umenipa na nimeikubali. Jina hujanipa. Siku ile, saa nane mchana, kuna mtu alisimama mbele ya mama yangu na kalamu. Saa ya kuhesabia hakuwa nayo, sawa. Macho alikuwa nayo.

Fundi


Wodi ya Tatu
13 Aprili

Kaka Fundi,

Keshokutwa ni bodi.

Sahihi ile ni yangu.

Siku hiyo muuguzi mmoja aliugua, nikachukua raundi ya saa nane mwenyewe. Wagonjwa ishirini na saba. Mama yako alilala amegeukia ukutani, blanketi mpaka kidevuni. Nilimshika mkono nikapata mapigo 118, nikayaandika. Niliona ni mengi. Nilijiambia nitarudi. Mstari wa pumzi niliandika ishirini nikiwa nimeshaanza kutazama kitanda cha saba. Nilirudi saa kumi na robo, na wakati huo hata mtoto mdogo angeona.

Nilikuficha wiki tano. Nilijiambia naficha ili ukaguzi uishe kwanza, kwa sababu mtu mmoja akifukuzwa, watu wanavuta pumzi ya nafuu na karatasi zinaendelea kusema ishirini. Hilo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba niliogopa. Mkeo aliona.

Ukutani ni mita tatu na robo. Jina langu kamili liko nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, ili ulisome bodini bila kukosea.

Sista


Wodi ya Tatu
2 Mei

Kaka Fundi,

Hukuja bodini. Walikuita mara mbili mlangoni. Ikabidi nisimame mimi, nikasoma lalamiko lako lote, nikatia jina langu mahali ulipoacha wazi, kisha nikawaonyesha jedwali. Wamenipa onyo la maandishi, linakaa kwenye faili langu miaka mitatu. Na wamenipa ukaguzi niuendeleze. Sijui kama hiyo ndiyo haki uliyoitaka. Ukiona haitoshi, mlango wa bodi bado uko wazi, na sitakulaumu.

Tarehe 17 Mzee wa Dekio aliingia na boksi. "Kuna bwana kaniachia getini. Nimemwambia aingie, akatazama madirisha ya wodi, akasema ana haraka. Mtu mwenye haraka hawezi kusimama getini nusu saa." Ndani kulikuwa na saa mbili zimefungwa kwa magazeti. Nilitafuta barua mpaka ndani ya magazeti. Haikuwemo.

Nakuandikia kukwambia zinavyofanya kazi, basi. Jumatatu saa nne asubuhi Kidoti alikuwa kitanda cha sita. Ndiyo, kile. Amelala mama mmoja muuza vitambaa, ana siku moja, joto lake la kawaida, anaongea vizuri, ameomba chai. Kidoti akamshika mkono akatazama ukutani. Akahesabu thelathini na tatu. Hakuamini. Akahesabu tena, thelathini na tatu. Akaniita, nikahesabu, thelathini na nne. Mama mwenyewe anatushangaa: "Mnanishika mkono mmoja mmoja kama maharusi, kuna nini?" Daktari Upepo alifika baada ya dakika kumi na moja. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mapafu. Walimkimbiza, wakampa dawa na hewa.

Jana ametoka kwa miguu yake. Alipita chini ya saa yako akiwa na mfuko wake mkononi, hata hakuinua macho. Mimi na Kidoti tulisimama tukamtazama mpaka mwisho wa korido. Kidoti akasema kwa sauti ndogo, "Sista, namba tu ile." Nikamwambia, "Namba tu."

Niandikie hata ukinitukana.

Sista


Karakana ya Mizani
19 Mei

Dada,

Nilikuja bodini. Nilifika saa mbili kasoro, nikakaa kwenye benchi la nje na faili langu. Waliponiita mara ya kwanza nilisimama. Mara ya pili nilikuwa nimeshafika ngazi ya kumi na nne nikishuka.

Barua yako ya tarehe 13 ina kila kitu isipokuwa kimoja. Umeandika blanketi, ukuta, mapigo, kitanda cha saba. Hukuandika kwamba kwenye kiti kando ya kitanda nilikuwepo mimi. Hukuandika kwamba uliniuliza, "Mama anaendeleaje?" Hukuandika nilichokujibu. Nilikujibu, "Amelala, Sista. Mwache apumzike, jana hakupata usingizi." Ulikuwa umeshanyoosha mkono kufunua blanketi. Nikalirudisha mimi, nikalichomeka vizuri. Nilipoanza kukuandikia sikujua kuwa Sista yule ndiye wewe.

Najua unakumbuka. Umeniacha nje ya barua ili bodi isinione. Nimekaa na hilo wiki tano, sawa na zako.

Sasa nikwambie ambacho hata wewe hukijui, na mke wangu hakijui, ingawa nadhani anakinusa.

Nilimhesabu.

Saa saba na nusu, nimekaa, sina la kufanya. Nimekwambia nahesabu kila kitu. Nilishahesabu vigae vya dari, matundu ya pazia, matone ya dripu. Nikatazama blanketi linavyopanda na kushuka, nikatazama saa yangu. Mimi saa nilikuwa nayo, mgeni hakatazwi. Dakika nzima. Thelathini na saba.

Nikaandika nyuma ya risiti ya maegesho kama ninavyoandika kila namba, nikaitia mfukoni. Nikafikiri, ni mzee, ana homa, labda wazee wanapumua hivyo. Sikujua kama namba ile ina maana. Ulipokuja saa nane nilikuwa nayo mfukoni, dada. Hukuniuliza namba, uliniuliza anaendeleaje. Nikajibu amelala.

Katika wodi nzima siku ile, vitanda vyote, kulikuwa na namba moja tu ya kweli, na alikuwa nayo mtu asiyejua ni ya nini.

Nilipopata faili, nikaona zile ishirini kumi na moja, nilijua papo hapo ni uongo. Uliandika kwamba niliona kwa karatasi moja ambacho ninyi hamkukiona kwa mia. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nilikuwa na jiwe la kupimia mfukoni. Na nikataka mtu afukuzwe haraka, kabla sijafika kwangu mwenyewe.

Risiti nimeiambatanisha. Nimeitunza tangu siku ile. Ina mkunjo, lakini inasomeka.

Lalamiko nimelifuta. Sababu si kwamba nimekuhurumia. Nimelifuta kwa sababu hesabu haikubali.

Fundi


Wodi ya Tatu
28 Juni

Kaka,

Sikujibu mapema kwa sababu nilitaka kukujibu kwa namba.

Tumepima tena. Mafaili arobaini, kila la tano, hakuna lililokosekana. Pumzi zimeandikwa mara 655. Ishirini ni 71. Witiri ni 318, karibu nusu, kama ulivyosema Mungu alivyopanga. Zilizozidi ishirini na nne ni mara 34. Daktari alifika ndani ya nusu saa mara 27. Saba alichelewa, na hizo saba sizifuniki kwa wastani, nimezibandika mlangoni moja moja. Daktari Upepo anazisoma kila asubuhi anapovaa koti.

Nilibandika karatasi zote ukutani kama ulivyofanya wewe, dari mpaka sakafu. Wauguzi wa zamu zote mbili walikuja kutazama. 14, 27, 19, 33, 16, 21. Hakuna mistari miwili iliyofanana. Tulisimama pale kama watu waliosimama mbele ya bahari. Kidoti ndiye aliyesema, "Kumbe walikuwa watu."

Kuna kitu kipya kwenye fomu, na hakikutoka kwenye kitabu chochote. Chini ya mstari wa pumzi kuna swali la kumwuliza ndugu aliyekaa kando ya kitanda: "Wewe umeona nini?" Tunamwuliza, tunanyamaza, tunamsubiri ajibu. Na tunamfundisha kuhesabu kwa saa ile ya ukutani. Watu wanaona mambo mengi, kaka. Wanakuwa nayo mfukoni.

La mwisho ni faili la mama. Kilichoandikwa kwa wino hakifutwi, na zile ishirini kumi na moja zitabaki, ziwe ushahidi wetu. Lakini sheria inaruhusu kuongeza maelezo mwishoni, yakiwa na tarehe na sahihi. Nimebandika risiti yako, mkunjo na vyote, na chini yake nimeandika hivi, kwa sahihi inayosomeka:

"Tarehe 13 Februari, saa saba na nusu mchana, pumzi za mgonjwa zilihesabiwa kwa dakika nzima na mwanawe. Thelathini na saba."

Sista